Kiwi ya manyoya, arguta au kolomikta: ipi ya kupanda kwenye bustani ya nchi ya baridi?

Kwa anayeishi Minneapolis, Toronto, Portland ya Maine au Oslo na ana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, kuvuna kiwi zake mwenyewe ni jambo linalowezekana kabisa. Ila si kila kiwi itakubali. Ile ya kahawia yenye manyoya tuliyozoea kununua dukani ni mmoja tu katika ukoo mkubwa wa mimea ya kutambaa uitwao Actinidia, ambao asili yake ni Asia ya Mashariki. Ndani ya ukoo huo wapo ndugu wawili wenye matunda madogo, arguta na kolomikta, wanaostahimili baridi ambayo ile kubwa haiwezi. Ukifika kitaluni na kukuta zote tatu zimepangwa, kuchagua si rahisi.

Wengi huchagua kwa namba moja. Mtu anasoma lebo, anaona mmea unavumilia nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, analipa, anapanda. Miaka inapita, mmea uko hai, umesheheni majani, na hauna tunda hata moja. Lebo haikudanganya. Ilikuwa inazungumzia Januari, mmea ukiwa umelala, ilhali mavuno mengi ya kiwi huku kaskazini hupotea Mei. Ndiyo maana nataka tulinganishe aina hizi kwa mambo matano, si kwa lile moja.

## Mambo ya kupima

Baridi ya mmea ukiwa umelala. Kila aina ina kiwango chake, na hapa lebo inasaidia. Angalia tu usipime kwa wastani wa baridi ya mji wako. Pima kwa usiku mbaya kuliko yote. Januari 30, 2019, Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Mmea unaokusudia kuishi miaka 30 utakutana na usiku wa namna hiyo.

Jalidi (umande unaoganda usiku) ya majira ya machipuko na urefu wa msimu. Kigezo hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Machipukizi mapya ya aina zote tatu ni laini mno. Nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri, hata kwa muda mfupi, zinatosha kuyaua. Alfajiri unayakuta bado yamesimama, yana weupe wa barafu pembezoni mwa majani. Jua likipanda yanalegea, yanageuka meusi, na ukiyabana kwa vidole yanatoa maji. Sasa, maua ya kiwi hutoka kwenye machipukizi hayohayo, yale yanayoota juu ya matawi ya mwaka uliopita. Mmea utachipua tena kutoka kwenye macho ya akiba, lakini machipukizi ya mara ya pili huja na maua machache au bila maua kabisa. Mmea umepona, mwaka umekwenda bure. Basi tafuta tarehe mbili za mahali ulipo: jalidi ya mwisho ya machipuko na jalidi ya kwanza ya vuli. Siku zilizo katikati ndizo unazofanyia kazi.

Nafasi na kazi ya kupogoa. Hii si mimea ya kupanda na kusahau. Inahitaji nguzo, waya, na mkasi kila mwaka.

Dume na jike. Kiwi nyingi hutenganisha jinsia kama mpapai: mmea dume unachanua vizuri na hauzai, mmea jike unazaa ukiwa na dume karibu. Dume mmoja anatosha majike sita hadi wanane. Kwa familia, jike mmoja au wawili na dume mmoja ni mwanzo mzuri, lakini huyo dume lazima apewe nafasi yake ardhini, na hilo wengi hawalihesabu wanapopima uwanja.

Tunda lenyewe. Ladha, ukubwa, linaiva lini, linakaa muda gani.

## Kiwi ya manyoya (Actinidia deliciosa)

Baridi. Ikiwa imelala inavumilia kama nyuzi 12 chini ya sifuri. Chini ya hapo shina lenyewe linapasuka na matawi yanakufa.

Msimu. Inataka takriban siku 220 zisizo na jalidi. Sababu iko kwenye historia yake. Mwaka 1904 Isabel Fraser, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana Wanganui, New Zealand, alirudi kutoka China na mbegu zake. Mimea iliyotokana na mbegu hizo ilizaa mara ya kwanza mwaka 1910, na baadaye mkulima wa kitalu Hayward Wright akachagua ule wenye tunda kubwa linalokaa muda mrefu bila kuharibika. Huo ndio Hayward, unaojaza maduka mpaka leo. Hata jina la kiwi lilianza kutumika kibiashara mwaka 1959 tu. Ni mmea uliochaguliwa katika nchi ya baridi ya upole na vuli ndefu. Matunda yake huvunwa mwishoni mwa Oktoba hadi Novemba, wakati ambapo Minnesota theluji ya kwanza huwa imeshaanguka.

Nafasi na kazi. Ina nguvu nyingi. Acha mita 4 hadi 5 kati ya mmea na mmea, na nguzo ziwe nene. Kupogoa ni lazima, wakati wa baridi na wakati wa joto.

Dume na jike. Hayward ni jike; dume anayeuzwa naye mara nyingi ni Tomuri. Jenny inajichavusha yenyewe, matunda yake ni madogo kidogo, na kwa mwenye nafasi ya mmea mmoja tu hilo linavumilika.

Tunda. Kubwa na linalojulikana, na linakaa kwenye friji kwa miezi. Unalivuna likiwa gumu, kisha unayatoa machache machache na kuyaweka pamoja na tofaa au ndizi mbivu ili yalainike.

Inamfaa nani. Wakazi wa kusini mwa Uingereza wenye ukuta unaotazama kusini, wa Seattle, wa Vancouver na maeneo ya pwani yenye baridi ya upole. Huko Kisiwa cha Vancouver ndiko ilikotoka Saanichton, aina ya manyoya inayosifiwa kwa kuvumilia baridi zaidi ya Hayward. Kwa maeneo ya bara yenye baridi kali, njia iliyobaki ni kuiotesha kwenye pipa kubwa na kuiingiza gereji isiyo na moto, ikae kati ya nyuzi 0 na 7. Usiiweke sebuleni, kwa sababu inahitaji ubaridi ili ipate kulala na kuchanua. Ni kazi kubwa kwa matunda machache, na mimi sioni kama inalipa isipokuwa kwa anayeipenda kazi yenyewe.

Jambo jingine kuhusu hii: watu hupanda mbegu za kiwi waliyoila. Mbegu zinaota bila shida. Lakini utangoja miaka saba au zaidi kuona ua la kwanza, na takriban nusu ya mimea itakuwa madume. Kwenye baridi kali haitafika hata huko.

## Arguta (Actinidia arguta)

Baridi. Mmea mzima uliolala huvumilia hadi nyuzi 32 hivi chini ya sifuri. Mmea mchanga hauna uwezo huo. Miaka miwili mitatu ya kwanza shina lake lifungwe kitambaa au mrija wa kukinga, maana jua la Februari hulipasha mchana, usiku linaganda, na gome linapasuka wima kutoka chini.

Msimu. Siku 150 hivi. Kwa Minneapolis hiyo inatosha kwa shida. Kwa Maine ya pwani na kusini mwa Ontario inatosha vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba arguta huamka mapema. Wiki moja ya joto mwezi Aprili inaifanya ifungue macho, kisha Mei inaikuta na machipukizi ya urefu wa kidole. Hapa uchaguzi wa mahali pa kuipanda unafanya kazi kuliko uchaguzi wa jina la aina. Usiipande bondeni, hewa baridi ya usiku hutelemka na kutulia huko. Mteremko unaotazama kaskazini, ingawa unasikika kama kosa, husaidia: udongo unachelewa kupata joto, mmea unachelewa kuamka, na jalidi inapita ukiwa bado umelala. Ukuta unaotazama kusini, ambao kiwi ya manyoya inauhitaji, kwa arguta ni mtego.

Nafasi na kazi. Hapa niseme wazi, kwa sababu vitalu havisemi. Arguta iliyoshika mizizi inaweza kurefuka mita 6 kwa msimu mmoja. Ikiachwa bila kupogolewa miaka miwili inakuwa kichaka kilichojisokota, hakipitishi mwanga, na matunda yanabaki juu usikofikia. Inahitaji nguzo zenye umbo la T, urefu wa mita 1.8 hivi juu ya ardhi, na waya tatu hadi tano zilizokazwa. Acha mita 3 au zaidi kati ya mimea. Pogoa Januari au Februari, kabla utomvu haujaanza kupanda. Ukikata Machi, ncha ya tawi itadondosha maji tone kwa tone kwa siku nyingi. Katika kupogoa huko utaondoa sehemu kubwa ya matawi ya mwaka uliopita, na mkono utasita, lakini usisite. Wakati wa joto rudi mara mbili au tatu kufupisha yanayokimbia. Dume mpogoe baada tu ya kuchanua.

Usiiache kamwe ipande kwenye miti. Magharibi mwa Massachusetts na huko Long Island imetoroka bustanini, ikaingia misituni na kuangusha miti kwa uzito wake. Ukiishi karibu na msitu, uliza sheria za jimbo lako kwanza, na okota matunda yote ili ndege wasisambaze mbegu.

Dume na jike. Ananasnaya, Geneva na Ken's Red ni majike, wanahitaji dume wa arguta. Weiki, iliyotoka Weihenstephan kule Bavaria, inauzwa kama jike au dume, kwa hiyo soma lebo vizuri. Issai kutoka Japani inazaa bila dume, nayo haina nguvu nyingi kama wenzake, jambo ambalo kwa bustani ndogo ni faida. Gharama yake ni kwamba inavumilia baridi kidogo kuliko arguta nyingine. Kwa Minnesota nisingeitegemea.

Tunda. Ukubwa wa zabibu kubwa, ngozi laini isiyo na manyoya. Unaitupia mdomoni nzima, bila kisu wala kijiko. Ni tamu kuliko ile ya dukani, na harufu yake ina kitu cha nanasi. Huiva Septemba hadi mapema Oktoba. Kujua wakati wa kuvuna, kata moja katikati: mbegu zikiwa nyeusi zote na chache kwenye mmea zimeanza kulainika, vuna zilizobaki zikiwa bado ngumu. Kwenye friji zitakaa wiki kadhaa, na zikitolewa mezani zinalainika kwa siku chache. Zikilainikia juu ya mmea ni tamu ajabu, lakini ndani ya siku mbili tatu zimepondeka.

Mavuno yake ndiyo makubwa kati ya hizi mbili za baridi. Mmea mmoja uliokomaa na kutunzwa unaweza kutoa kilo 20 na zaidi. Subiri miaka mitatu hadi mitano kuona matunda ya kwanza, na zaidi ya hapo kuona mavuno ya kujaza ndoo.

Inamfaa nani. Mwenye nyumba yake, mwenye nafasi ya mita 6 hadi 9 za waya, mwenye nia ya kushika mkasi mara tatu au nne kwa mwaka, kila mwaka. Akikosa hilo la mwisho, nafasi kubwa haitamsaidia.

## Kolomikta (Actinidia kolomikta)

Baridi. Nyuzi 40 chini ya sifuri. Ni mmea wa misitu ya mashariki ya mbali ya Urusi, kaskazini mwa China, Korea na Japani. Ivan Michurin, mzalishaji wa aina za matunda wa Urusi, aliufanyia kazi akitafuta kiwi ya kukua mahali ambapo mzabibu haukai.

Msimu. Siku 130 hivi zinatosha. Matunda huiva Agosti. Nayo huamka mapema na machipukizi yake hayana kinga dhidi ya jalidi, lakini ina upole mmoja: haikui kwa fujo, inakuwa fupi, na mmea mfupi ni rahisi kuufunika. Usiku wa jalidi shuka kuukuu lililotandazwa juu ya waya na kufikishwa hadi ardhini linatosha mara nyingi kuokoa maua.

Nafasi na kazi. Kidogo kuliko arguta kwa mbali. Mita 2 kati ya mimea, na uzio wa kawaida wa nyumba ukiwa imara unaweza kuibeba. Kupogoa kupo, ila hakutakushinda. Inapenda kivuli cha mchana, upande wa mashariki wa nyumba ni mahali pake. Kwenye jua kali la Julai majani yake yanaungua kingo.

Ukiwa na paka, au jirani ana paka, zungushia shina wavu wa chuma tangu siku ya kupanda. Paka huvutwa na harufu ya mmea huu, hujigaragaza juu yake na kutafuna shina changa mpaka chini. Miche mingi ya kolomikta hufa hivyo, na mwenye bustani analaumu baridi.

Dume na jike. Lazima wawili. Hapa pana jambo la kuangalia dukani. Majani ya kolomikta, hasa ya dume, hugeuka meupe na waridi nusu yake, na kwa uzuri huo mmea huuzwa kama pambo, mara nyingi kwa jina Arctic Beauty. Ukinunua huo peke yake huenda umenunua dume tu. Kwa matunda tafuta jike mwenye jina, kama September Sun, kisha dume wa kumpa chavua. Na usitegemee dume wa arguta amhudumie: kolomikta huchanua mapema zaidi.

Tunda. Dogo kuliko la arguta, tamu, lenye vitamini C mara kadhaa kuliko kiwi ya kawaida. Kasoro yake ni kuanguka. Likiiva tu linadondoka, na haliivi yote kwa siku moja. Tandaza kitambaa au matandazo safi chini ya mmea, okota kila asubuhi. Haya ni matunda ya kula na kutengeneza jamu, hayawekeki kwa muda. Mavuno ni ya kilo chache kwa mmea, si ndoo.

Inamfaa nani. Wa kaskazini kabisa: kaskazini mwa Minnesota, Manitoba, Ufini, bara la Norway na Sweden. Pia mwenye uwanja mdogo wenye kivuli, popote pale palipo na baridi.

## Zinapofanana

Udongo ndio unaoziua zote tatu pasipo kubagua. Mizizi ya kiwi ni minene na laini, na ikikaa kwenye maji inaoza. Mmea unanyauka wakati wa joto huku udongo ukiwa umelowa. Kwenye udongo wa mfinyanzi inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake. Udongo uwe na uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Mwaka wa kwanza mboji inatosha, kwani mbolea ya chumvichumvi ikigusa mizizi hiyo inaiunguza. Maji yasikosekane Julai na Agosti.

Panda majira ya machipuko, hatari ya jalidi ikishapita, si vuli, ili mche uwe na msimu mzima wa kujenga shina kabla ya baridi yake ya kwanza.

## Kulingana na hali yako

*Minneapolis, Brooklyn Park na vitongoji vyake:* kolomikta ndiyo ya kutegemea. Arguta inawezekana ukiwa na mahali palipoinuka pasipo na jua la mapema, na ukikubali kwamba kuna miaka Mei itakuchukulia maua. Chagua Geneva au Ananasnaya, si Issai.

*Portland au Lewiston, Maine. Kusini mwa Ontario. Kusini mwa Sweden:* arguta ikiwa una nafasi na muda, kolomikta ikiwa unavyo vichache.

*London, Seattle, Vancouver:* zote zinawezekana. Kwa tunda la kuweka hadi Februari, kiwi ya manyoya ukutani. Kwa watoto wanaochuma na kula palepale bila kumenya, arguta. Kolomikta huko haina sababu kubwa, labda una kivuli tu.

*Nyumba ya kupanga:* nguzo za arguta zinachimbiwa saruji na matunda yanangojewa miaka. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, au otesha Issai au kolomikta kwenye mapipa utakayohama nayo. Mapipa yakae gerejini wakati wa baridi, kwa sababu mizizi iliyo juu ya ardhi inaganda haraka kuliko iliyo ndani yake.

*Kazi za zamu, huna wikendi:* kolomikta mbili, jike na dume, kwenye uzio wa mashariki. Arguta itakushinda kufikia mwaka wa nne.

*Una nafasi na huwezi kuamua:* panda kolomikta na arguta, kila moja na dume wake, mistari tofauti. Utaokota kolomikta Agosti na kuchuma arguta Septemba. Na kwa kuwa hazichanui wiki moja, usiku mmoja wa jalidi mwezi Mei hautaondoka na maua ya zote mbili kirahisi.